Siku Madoa Alipojifanya Mbwa

Mwaka huo mawingu yalikuwa yakija, yanaichungulia nchi, yanaguna kidogo, halafu yanakwenda zao. Mto Chilala ulikauka mpaka mchanga wake ukang'aa kama bati jipya. Vyura walihama. Kenge alihama. Hata mbu, ambao hakuna aliyewaaga, walihama pia.

Waliobaki ni wale wasioweza kuhama, na mmoja wao alikuwa Madoa, mbwa mwitu. Miguu yake ilikuwa mirefu ya kumfikisha popote, lakini mkewe, Hina, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya miguu yake myekundu, alikuwa ametoka kuzaa. Pango lao lilijaa watoto kama kikapu kilichojaa viazi. Watoto wa mbwa mwitu hawawezi safari ndefu mpaka miguu ikomae, na hawa walikuwa wangali wakijikwaa kwenye vivuli vyao. Kila asubuhi walilamba umande kwenye mawe, na umande wenyewe ulikuwa umeanza kuadimika.

“Baba Madoa,” Hina alisema, “huyu mdogo jana alikuwa analia. Leo halii.”

Madoa alielewa. Mtoto mwenye kiu akiacha kulia, mambo yameharibika.

Kundi zima lilikwenda mtoni kuchimba. Wajomba walichimba, mashangazi walichimba, Madoa alichimba mpaka ukabaki mkia tu juu ya ardhi. Walipata mchanga mkavu, na chini yake mchanga mwingine mkavu.

Ng'ambo ya mto aliishi Bibi Nyemo, mjane mwenye mbuzi, pamoja na mbwa wake aliyeitwa Watasema. Bibi alimpa mbwa jina hilo kwa ajili ya majirani, ambao walikuwa na mazoea ya kusema. Kisima cha Bibi kilikuwa na maji, kikiwa ndani ya ua wa miiba, kimefunikwa kwa jiwe. Siku kilipochimbwa, Madoa alikuwa kichakani akitazama kwa mbali. Aliona mbwa ananusa mchanga, anasimama, na bibi anakuja na jembe kuchimba palepale. Walielewanaje? Madoa hakujua. Siku hizo watu na wanyama walisikilizana lugha, ingawa hawakusikilizana mambo mengine mengi, lakini pale kisimani hakusikia neno lolote likisemwa.

Ndipo Fisi alipokuja.

“Hodi hapa! Wenyewe mpo?” alisema Fisi, naye alikuwa ameshaingia.

“Karibu, Bwana Fisi,” alisema Hina, akiwasukuma watoto nyuma yake kwa pua. “Karibu, ila kaa hapohapo.”

“Mbona unawaficha watoto, shemeji? Mimi si mjomba wao?”

“Ndiyo maana nawaficha.”

Fisi alicheka kicheko chake kirefu kisichokuwa na furaha ndani. “Mimi nimekuja na huruma, jamani.”

“Umeitoa wapi?” aliuliza shangazi mzee wa kundi.

Fisi alijifanya hakusikia. Alimgeukia Madoa. “Ndugu yangu, mwangalie Watasema vizuri. Ana pua, nawe una pua. Ana mkia, nawe una mkia. Analala mchana, nawe unalala mchana. Tofauti yenu ni nini? Tofauti ni kwamba yeye amelala karibu na maji! Basi nenda ukawe mbwa kwa siku moja. Bibi mwenyewe macho yake ya mbali yana ukungu. Jioni, uvute ule mwiba mkubwa unaoziba lango. Watoto wako waingie wanywe mpaka matumbo yawe ngoma.”

“Na wewe unapata nini?”

“Mimi? Mbuzi mmoja tu. Yule kilema anayechechemea, ambaye hata yeye mwenyewe amechoka kuwa mbuzi.”

Sasa, mbwa mwitu wana desturi yao. Hakuna jambo linalofanywa na mmoja. Likitokea neno la kuamuliwa, hukusanyika, husalimiana pua kwa pua, kisha anayekubali hupiga chafya. Chafya zikiwa nyingi, jambo limepita. Zikiwa chache, kila mmoja anarudi kulala. Ndivyo walivyofanya tangu mababu, na hakuna mbwa mwitu aliyewahi kudanganya kwa chafya.

Walikusanyika. Hakuna chafya. Shangazi mzee alibana pua kabisa. Hina alikuwa akitikisa kichwa.

Fisi alijua desturi hiyo. Kabla ya kuja alikuwa amegaagaa katika jalala la majivu, mgongo na manyoya yote ya shingo. Akasimama katikati yao, akajitikisa.

Lo! Wingu lilipanda. “Chya!” alisema mjomba. “Chya! Chya!” walisema mashangazi. Watoto walipiga chafya mpaka wakapinduka miguu juu. Hina alipiga chafya mfululizo huku akiendelea kutikisa kichwa kukataa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

“Limepita!” alipaza sauti Fisi. “Nani ana neno?”

Walitazamana, macho yamejaa machozi. Chafya ni chafya. Wazee hawakuacha maagizo yoyote kuhusu chafya za majivu. Madoa alimtazama mtoto wake mdogo, aliyekuwa amelala chali bila kujisumbua kuinuka, akasema, “Nitakwenda.”

Mwalimu alikuwa Sungura. Yeye aliishi nyuma ya ua wa Bibi Nyemo, karibu na kijishamba cha kunde kilichokuwa kikinyweshwa maji ya kisimani, na alijigamba kwamba hakuna aijuaye tabia ya Watasema kumpita. Ujira wake ulikuwa mwepesi: Madoa akiwa mbwa, afumbe macho upande wa kunde.

“Somo la kwanza, mkia,” alisema Sungura, amesimama juu ya kichuguu na kijiti mkononi. “Tikisa.”

Madoa alitikisa.

“Huko ni kufukuza nzi. Mkia wa mbwa unatikiswa na mwili mzima. Anzia mgongoni. Hapana, anzia moyoni kabisa.”

“Moyoni kuna nini?”

“Kuna ugali. Fikiria ugali.”

Madoa hakuujua ugali. Alifikiria ini la swala likiwa bado na joto, na mkia ukaanza kucheza wenyewe, kiuno kikacheza, mabega yakacheza, karibu aanguke.

“Vizuri mno! Umefikiria nini?”

“Ini la swala.”

“Usimwambie Bibi. Somo la pili, kubweka. Sema: bweu!”

“Huuu?” alisema Madoa.

“Huyo ni njiwa aliyefiwa. Bweu!”

“Hwiii.”

“Huyo ni kifaranga aliyekaliwa. Kutoka tumboni, bwana! Bweu!”

Madoa alivuta pumzi, akafumba macho, akakaza mbavu. “Bwi,” alisema.

Sungura alijikuna kidevu. “Basi tuache hapo. Ukibanwa sana, kohoa. Atadhani una mafua.”

Kisha ikaja kazi ya masikio. Masikio ya mbwa mwitu ni makubwa na ya mviringo kama vifuniko vya vyungu. Sungura aliyakunja na kuyabandika kwa ulimbo wa kunasia ndege. Mwili mzima aliupaka majivu na udongo mpaka yale madoa meupe na meusi yakafifia. Alipomaliza alirudi nyuma akakitazama alichokiumba, akaanguka chini kwa kicheko, akainuka, akajikung'uta, akasema kwa sauti ya mwalimu, “Umefaulu.”

“Na macho?” aliuliza Madoa. “Mbwa anafanya nini na macho?”

Sungura alikitazama kijiti chake. Siku zote alimwona Watasema akiwa nyuma ya ua, au alimsikia nyuma yake mwenyewe akifukuzwa kutoka kwenye kunde. Hakuwahi kuona macho ya mbwa yanaelekea wapi. Lakini alikuwa mwalimu, na wako walimu ambao neno “sijui” huwakwama kooni.

“Macho ni ya kuonea,” alisema. “Darasa limekwisha.”

Mchana huo Fisi alimwita Watasema kutoka nje ya ua. “Wewe, haraka! Mwanambuzi wa Bibi yako ametumbukia kwenye shimo la muhanga, kule kwenye mwamba mwekundu!” Mbwa hakuuliza swali hata moja. Alikimbia mpaka kwenye mwamba, akazama kichwa mbele katika shimo hilo refu la muhanga, mla mchwa, akiita, “Nipo! Nipo!” Fisi akasukuma jiwe mdomoni mwa shimo, akapangusa mikono, akaenda kumweleza Madoa alikomfungia.

Alasiri, Madoa aliingia kwa Bibi Nyemo akitembea kwa kiuno.

Bibi alikuwa amekaa chini akipeta mtama. “Watasema! Ulikuwa wapi? Na mbona umejaa majivu kama jiko?”

“Bwi,” alisema Madoa.

“Una mafua?”

Madoa alikohoa.

“Pole, mwanangu. Hebu mrudishe yule mbuzi, anakula paa la jiko.” Akanyoosha kidole.

Madoa alikitazama kidole. Kilikuwa kidole kizuri, chembamba, chenye harufu ya mlenda. Alikikaribia, akakinusa, akangoja kuona kitafanya nini.

“Mbuzi, Watasema! Kule!” Kidole kilinyooka zaidi.

Madoa aliona labda kinataka heshima zaidi. Akakilamba.

“Leo kuna nini?” alisema Bibi Nyemo. Ikambidi ainuke mwenyewe, mkono kiunoni, amfukuze mbuzi, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kula sehemu ya paa iliyomtosha.

Kila alasiri, Bibi na mbwa wake walikuwa na mchezo. Bibi aliweka ukoko wa ugali chini, akaufunika kwa chungu. Watasema angekisukuma chungu mara moja, mara ya pili, kisha angeketi, ageuke, amtazame Bibi usoni kwa yale macho yake ya kahawia, kana kwamba anasema, Bibi, hili limenishinda. Naye Bibi angekifunua chungu, wacheke wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Ukoko wenyewe haukuwa kitu. Bibi aliupenda mchezo huo kwa sababu ya kutazamwa. Tangu mumewe afariki, ni wachache waliomtazama hivyo.

Basi akauweka ukoko, akaufunika, akaketi, akangoja.

Madoa alikisukuma chungu. Alikisukuma tena. Alikiuma. Alichimba upande huu, akachimba upande ule, akakipanda juu, akakizunguka akikingurumia, akakigonga kwa kichwa, akakilalia kwa tumbo na kuzunguka nacho kama pia. Kazi ikimkwama mbwa mwitu, yeye huongeza nguvu. Wazo la kumgeukia yule bibi kizee aliyekaa pale halikumpita kichwani hata kwa mbali. Bibi alikohoa. Madoa akaendelea. Bibi aliita, “Watasema?” Madoa akaendelea. Mwishowe chungu kilipasuka, pwaa, na kwa mshindo huo ulimbo nao ukaachia: sikio la kulia likainuka, pyu! Sikio la kushoto likafuata, pyu! Yakasimama pale, makubwa, ya mviringo, yakitetemeka.

Bibi Nyemo aliokota fimbo yake polepole.

“Wewe si Watasema.”

“Bwi,” alisema Madoa, kwa matumaini madogo.

“Achana na bwi yako! Mbwa wangu yuko wapi?” Fimbo ilikuwa juu, lakini sauti ilikuwa ikitetemeka, na Madoa, aliyejua sauti ya mama aliyepotelewa, alijisikia mdogo ndani ya majivu yake. Shingo yake iligeuka. Alitazama juu ya ua, mbali, kule lilikokuwa pango.

“Unatazama wapi? Mimi niko hapa.”

“Nawatazama wenzangu.”

“Mbona siwaoni?”

“Hata mimi siwaoni, Bibi. Lakini ndiko ninakotazama. Nina watoto. Wana kiu. Mdogo ameacha kulia.”

Fimbo ilishuka kidogo. Bibi alitaka kusema neno, ila sauti nyingine ziliwahi, kutoka nje ya lango.

“Nyamazeni!” Ilikuwa sauti ya Fisi. “Mbuzi mwenye pembe kubwa ni wangu. Na yule mwenye mimba ni wangu, maana hao ni wawili.”

“Na sisi je?” ziliuliza sauti nyingi. Ukoo mzima wa fisi ulikuwa pale.

“Mtapata wengine.”

“Na yule kilema uliyesema utamchukua peke yake?”

“Nani amezungumza habari za kilema? Nilikuwa nazungumza na mjinga.”

“Na maji ya watoto wa Madoa?”

“Tutakunywa sisi. Nyama inaleta kiu. Tukishashiba hapa tutapita kwenye lile pango. Nimewaona watoto wenyewe. Wanono!”

Manyoya ya Madoa yalisimama, majivu yakamwagika kama unga. Pale pale zile chafya zote zikamrudia akilini, na wingu lile, na mgongo wa Fisi uliokuwa mweupe kupita kawaida. Hakungoja kuulizwa tena.

“Bibi, mbwa wako yuko kwenye shimo la muhanga, kwenye mwamba mwekundu. Yuko hai. Fisi amemzibia kwa jiwe.”

“Kamtoe!”

“Jiwe ni kubwa kuliko mimi. Lakini sisi tuko wengi. Wewe je, utaweza lango?”

Bibi Nyemo alilitazama lango, akautazama ule mwiba mkubwa wa mgunga ulioliziba, akafunga khanga yake kiunoni mafundo mawili. “Nenda,” alisema. “Pita kwenye tundu la kutokea kuku.”

Madoa alijibana, akajivuta, akaacha manyoya ya kutosha kujazia mto, akatoka. Alipofika uwanjani aliinua kichwa akaita ule mwito wa mbwa mwitu, “Huuu! Huuu!” unaosikika mbali bila kuonekana unatoka wapi. Hina akasikia. Akamwachia shangazi mzee watoto, na kundi lote lililobaki likatoka mbio. Safari hii hawakukusanyika. Chafya ziliwatoka wenyewe njiani wakikimbia.

Huku langoni Fisi alikuwa amechoka kungoja.

“Madoa! Uko hapo?” alinong'ona.

Bibi Nyemo alifikiri kidogo. “Bwi,” alisema.

“Sawa. Vuta mwiba.”

“Bwi!” alisema Bibi, akausukuma kwa nguvu zake zote.

“Mbona hauendi?”

“Bwi, bwi.”

“Kuna nini? Umekwama?”

Bibi alikohoa.

“Ana mafua,” Fisi aliwaeleza wenzake. “Ngojeni.”

Kwenye mwamba mwekundu mchanga ulikuwa ukiruka. Jiwe hawakuligusa, walichimba pembeni yake, miguu kumi na mingine kumi, mpaka ardhi ikafunguka na Watasema akatoka akiwa mwekundu wa vumbi toka puani hadi mkiani.

“Mwanambuzi hayumo,” alisema akihema. “Nimemtafuta mpaka mwisho.”

“Hakuwahi kuwamo,” alisema Madoa. “Twende. Fisi yuko langoni kwenu.”

Walikimbia bega kwa bega. Watasema alimtazama kwa jicho la pembeni. “Hayo majivu ni ya nini?”

“Nilikuwa wewe.”

“Ukapewa ukoko?”

“Nilivunja chungu.”

“Umevunja chungu! Kwani hukumtazama?”

“Kumtazama nani?”

“Bibi! Chungu kikikushinda, unamtazama Bibi.”

Madoa alishangaa nusura ajikwae. “Kwa nini? Chungu kiko chini.”

Watasema hakuwa amewahi kuulizwa. “Sijui,” alisema mwishowe. “Nikimtazama, linawezekana.”

Walipofika, Fisi alikuwa ameishiwa na subira. Alikuwa amewasukuma wenzake kando, wasije wakamtangulia kwa yule mwenye pembe, akauegemea mwiba kwa bega na kusukuma. Bibi Nyemo aliusikia uzito. Alingoja Fisi avute pumzi ya kusukuma mara ya mwisho, kisha akaondoa mwiba kando, taratibu kabisa, kama anayempisha mgeni.

Fisi aliingia kama jiwe la manati. Kichwa kikaingia, mabega yakaingia, tumbo likasema hapana. Lango lile lilipimwa kwa mbuzi. Akakwama, nusu ndani, nusu nje, mbele yake Bibi Nyemo na fimbo yake.

“Shikamoo, Bibi,” alisema Fisi.

“Marahaba,” alisema Bibi Nyemo, akampa fimbo ya pua. “Habari za mafua?”

Watasema aliruka juu ya jiwe la nje ya ua mpaka akaonana na Bibi uso kwa uso. Alimtazama tu. Bibi alinyoosha kidole upande wa zizi, ambako fisi wawili walikuwa wanapekua miiba, na kabla kidole hakijakunjwa mbwa alishafika. Mbwa mwitu wao hawakumtazama bibi yeyote. Hina alimtazama mjomba, mjomba akamtazama Madoa, Madoa akatazama kushoto, na tayari walikuwa wametawanyika pande zote kama nyuki. Fisi walitazama pa kukimbilia.

Ulikuwa mkimbizano wa kuchekesha! Fisi mmoja aliparamia mwiba akatoka na tawi zima mkiani, akadhani anafukuzwa na mti, akaongeza mbio. Mwingine alijikuta kati ya Watasema na Hina, akalala chini akajifanya mzoga, mpaka mjomba alipomnusa tumbo, naye akacheka kwa kutekenywa, akakumbuka, akakimbia. Mbuzi kilema, aliyekuwa akitazama yote kutoka juu ya kinu, alilia kwa furaha mpaka akashikwa na kwikwi.

“Ndugu zangu!” alipiga kelele Fisi aliyekwama langoni. “Ndugu zangu, nivuteni miguu!”

Ndugu zake walikuwa wamefika ng'ambo ya mto.

“Jamani! Mimi ni wenu!”

“Tutakuja kesho!” ilijibu sauti moja kwa mbali. Hakuna aliyegeuza shingo.

Vumbi lilipotua, Watasema aliingia kwa tundu la kuku, na Bibi Nyemo akamkumbatia, akamkagua masikio, akamkagua miguu, akamfokea kwa kumtia wasiwasi, akamkumbatia tena. Kisha akachukua kibuyu, akakijaza maji, akapitia kwenye lango la mbuzi, maana hakukuwa na njia nyingine ya kumtosha, akikanyaga mgongo wa Fisi kama kizingiti. “Nipelekeni kwa hao watoto,” alisema.

Yule mdogo alimiminiwa maji kwenye kiganja. Kwanza hakufanya kitu. Kisha ulimi ukatoka, mwembamba kama jani. Kisha akanywa, akanywa, akapaliwa, akaanza kulia kwa nguvu mpaka wenzake wakaziba masikio. Hina alisema hajapata kusikia kilio kizuri hivyo.

“Madoa,” alisema Bibi Nyemo, “kaa kwangu. Utakuwa mbwa wa pili. Ukoko utakuwepo.”

“Ni lazima nikutazame?”

“Si lazima. Lakini ndivyo inavyokuwa.”

Madoa alijaribu, kwa heshima. Alikaa chini, akainua macho usoni pa Bibi. Ulikuwa uso mwema. Hata hivyo aliwashwa na shingo, akawashwa na kisigino, na kabla hajajua, macho yalikuwa yameshamwendea Hina na ule mlima wa watoto.

“Siwezi, Bibi. Shingo inageuka yenyewe.”

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. “Basi iache igeuke. Lakini watoto hawa hawatanyweshwa kwa kiganja mpaka mvua.”

Asubuhi wote walishuka mtoni upande wa mbwa mwitu. Watasema alitembea juu ya mchanga, pua chini, akapita mashimo yote ya juzi, akafika penye kona ya mto, akasimama. Akageuka akamtazama Bibi. Safari hii Madoa alikuwa karibu, akauona ule mtazamo ukitoka na kupokelewa, kama kitu kinachopitishwa toka mkono hadi mkono.

“Hapa,” alisema Bibi.

Mbwa mwitu walitazamana, wakapiga chafya za kweli, zisizo na majivu, wakaanza kuchimba. Palipokuwa pagumu Bibi alitia jembe. Mchanga ulikuwa mkavu, ukawa baridi, ukawa mweusi, na kisha chini kabisa kitu kikameta. Watoto walisogea ukingoni kutazama, wakasukumana, na nusu yao wakatumbukia. Wakatolewa, wakatumbukia tena. Baadaye ikajulikana kwamba wanafanya makusudi.

Sungura je? Alikuwa amekula kunde mchana kutwa bila mlinzi, na tumbo lake likawa zito kiasi kwamba Watasema, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alimkaribia. Walimsikia akipita upande wa pili wa ua, akisema kwa pumzi fupi, “Elimu haithaminiwi! Haithaminiwi kabisa!”

Fisi alibaki langoni. Hakuvutika nje wala hakusukumika ndani. Ikabidi lango jingine litobolewe kwa ajili ya mbuzi, nao kila wakitoka walimsalimia. Alikaa hivyo bila kula mpaka tumbo likapungua lenyewe, akachomoka, mwembamba, kimya, koo limekauka. Akaenda kwenye kisima kipya.

Mbuzi walikuwa wamekwisha kunywa. Watasema alikuwa amelala miguuni pa Bibi Nyemo, na mbwa mwitu walikuwa wamelala wamerundikana, vichwa juu ya migongo, hata isijulikane mguu huu ni wa nani.

“Bibi, nina kiu,” alisema Fisi.

“Nani atakusemea?”

Fisi alitazama kule walikokimbilia ndugu zake. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Alingoja kidogo, kama anayesikiliza hatua za mtu anayekuja. Hakuna aliyekuja.

“Kunywa tu, mwanangu,” alisema Bibi Nyemo. “Kisha uende.”

Mbwa, jambo likimshinda, humtafuta mtu wake kwa macho. Mbwa mwitu, jambo likimshinda, huwatafuta wenzake. Ndivyo walivyoumbwa, na hakuna mwenye haki ya kumcheka mwingine, kwa kuwa kila mmoja wao anaye wa kumgeukia. Fisi aliinama kisimani, akanywa, na mle majini akaona uso mmoja tu, wa kwake mwenyewe, ukimtazama.